Mikono Isiyonukia

Jumatatu, 14 Aprili

Karim amenichoka. Hajasema hivyo, ni mtoto mwenye adabu, lakini leo nilipompigia mara ya nne nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kuitika. Yeye yuko njiani kwenda Juba na lori lake. Mimi niko hapa Kyebando, nimekaa eda ya baba yake, na kazi yangu kubwa imekuwa kumpigia simu kumweleza ninachokiogopa. Asubuhi ulikuwa ukuta wa nyuma, ambao umekunywa maji ya mvua mpaka umeanza kuvimba. Mchana ilikuwa harufu ya gesi, ambayo haikuwa gesi.

"Mama," akasema, "tafuta daftari. Kila unachoogopa kiandike. Halafu jioni nipigie unipe kilichobaki."

Basi naandika. Mimi Rukiah, mjane wa Fadhul aliyekuwa mpishi wa jeshi, ni mwoga. Nilikuwa mwoga hata kabla hajafa, ila siku hizo nilikuwa na mtu wa kumtanguliza gizani. Alikufa ameketi kitini akisubiri chai. Nilimletea kikombe, nikakiweka mezani, nikamsemesha mambo mawili matatu kabla sijaona kuwa nazungumza peke yangu. Tangu siku hiyo kitu chochote kikinyamaza nakitazama kwanza kama kinapumua.

Kilichobaki cha kumpigia leo: ukuta.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua kutwa. Afande amekufa.

Loice ndiye aliyemkuta barabarani akitoka kazini, gari limempitia. Loice ni jirani yangu, Mkenya, anauza viatu Nakivubo. Alibisha geti akaniambia taratibu, na pole akanipa. Afande alikuwa paka wa Fadhul, au niseme Fadhul alikuwa mpishi wake. Kila asubuhi aliingia jikoni akachungulia sufuria moja baada ya nyingine, akiridhika anaketi, asiporidhika analalamika. Ndiyo maana mume wangu akampa cheo. Dagaa alikula mkononi mwa Fadhul tu. Baada ya msiba nilikuwa namwekea kwenye kisahani, akila huku ananitazama kwa shaka.

Wiki iliyopita tumbo lake lilikuwa limeporomoka. Amezaa mahali, sijui wapi.

Jumatano, 16 Aprili

Kaloli alitua uani asubuhi. Wale ndege wakubwa wenye kipara na mfuko wa shingoni, makazi yao ni majalala ya sokoni, sijui huyu alipewa na nani njia ya kwangu. Mlango wa stoo ulikuwa wazi kwa upepo. Alitoka stoo na kitu mdomoni, akakitupa juu, akakidaka, akameza. Nilipoelewa ni kitu gani nilipiga kelele mpaka Loice akaja mbio na mwiko wa ugali mkononi. Tulipofika, kaloli alikuwa amekwisha kumeza na mtoto wa pili wa Afande.

Wa tatu alikuwa ndani ya mkono wa koti la mvua la Fadhul, lililoanguka sakafuni tangu lini sijui. Afande alikuwa amelitandika kuwa kitanda chake. Tulisikia sauti nyembamba ikitoka ndani ya mkono wa koti, nami nikarudi nyuma hadi nikagonga mlango.

"Mama Karim, mshike basi!"

"Siwezi."

"Aki, mimi nikiachilia huu mwiko huyo ndege anarudi. Mshike!"

Nikaingiza mkono. Alikuwa mdogo kuliko tangawizi, macho yamefumba, masikio yamelala, kitovu bado kinaning'inia kama uzi mkavu. Rangi yake ya majivu, ya Afande hasa. Alikuwa baridi. Nikamweka kiganjani nikaanza kumwangalia ubavuni kama unapanda na kushuka, na mpaka sasa ninavyoandika sijafanya jambo lingine.

Kilichobaki cha kumpigia Karim: kila kitu.

Alhamisi, 17 Aprili

Karim amesema, "Mama, ni paka." Nikamwambia ni paka wa baba yako. Akasema basi mpe maziwa.

Nilimpa ya ng'ombe kwa kijiko. Yakamtokea puani. Alipaliwa, akajikunja, akawa bluu midomoni, nami nikawa natembea chumbani nikimwambia "pumua, pumua," kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa amesahau. Akapumua. Loice amepitia duka la dawa akaleta bomba dogo la sindano lisilo na sindano. "Alale kifudifudi, sio chali kama mtoto wa mtu. Tone moja, ungoje ameze."

Tone moja linafika, mawili yanakwenda kwenye kanga.

Ijumaa, 18 Aprili

Leo amehara, na mkojo hana. Tumbo limekuwa gumu, limejaa. Nilijua ndiyo mwisho. Nikasali, nikamwomba Mungu kama anamchukua amchukue nikiwa nimegeuka, halafu nikaogopa dua yenyewe nikaomba ifutwe.

Loice alipotoka kazini alimtazama akacheka, mchokozi mkubwa. "Woi, Mama Karim, umemjaza kama chupa na hujamfungua! Kwetu Kitale tulifuga sungura. Hawa wadogo hawajui kukojoa wenyewe, mama yao huwalamba. Sasa mama ni wewe. Chukua pamba na maji ya vuguvugu."

"Mimi nimlambe?"

"Na pamba, mama, na pamba!"

Alikojoa mpaka nikadhani amepasuka. Maziwa ya ng'ombe nimeyaacha, nachanganya ya kopo ya watoto, mepesi. Sijui kama kuna mjane mwingine aliyekaa eda akifanya kazi hii.

Jumamosi, 19 Aprili

Munirah alikuja na mikate yake ya gurusa, ya moto, imefunikwa kwa tabaga, kawa nyekundu aliyoisuka mwenyewe. Ni dada mkubwa wa Fadhul, anakaa Mbuya, na tangu msiba yeye ndiye anayesimamia eda yangu. Anasimamia kweli. Ananitazama nguo, ananinusa, anauliza nimechungulia geti mara ngapi.

Alipomwona Huyu kwenye boksi aliweka mkono kiunoni. (Namwita Huyu. Jina sitampa. Ukikipa kitu jina unakuwa umekionyesha kwa anayechukua.)

"Wifi, paka si najisi, hilo najua. Lakini nyumba ya eda si hospitali. Mjane anatakiwa atulie, amkumbuke mumewe."

"Huyu ni mjukuu wa sufuria za Fadhul."

"Ya salaam! Mimi nasema dini, wewe unaniletea sufuria." Halafu akainama akamtazama kwa muda, mdomo ameukaza. "Atakufa huyo, wifi. Jitayarishe."

Kama kuna mtu duniani asiyehitaji kuambiwa ajitayarishe, ni mimi.

Jumapili, 20 Aprili

Anapumua.

Jumatatu, 21 Aprili

Anapumua. Mvua. Kaloli yupo juu ya paa la stoo.

Alhamisi, 24 Aprili

Kaloli yupo. Anasimama mguu mmoja kwenye mvua, anatazama dirisha langu. Nimeziba tundu la chini ya mlango kwa gunia. Karim anasema ndege hawezi kuingia kwa tundu la mlango, ila yeye hajamwona mdomo.

Jumamosi, 26 Aprili

Amefumbua jicho moja. La kushoto. Niliita "Loice!" kwa sauti iliyomfanya aruke uzio na mswaki mdomoni. Jicho lenyewe lina rangi ya maji ya sabuni, halijui linatazama nini, lakini lilitazama upande wangu.

Nikaogopa upya. Jana alikuwa kitu kinachopumua. Sasa akifa, atakuwa amekwisha kuniona.

Jumanne, 29 Aprili

Umeme ulikatika tangu alfajiri na baridi ya mvua ikaingia mpaka kwenye godoro. Chupa ya maji ya moto niliyomfungia kwenye soksi ya Fadhul ilipoa nikiwa kwenye sala. Nilipomaliza nikamkuta amenyooka, mdomo wazi, hana joto hata la kuazima. Nilimsugua kwa kanga, hakuitika. Ndipo nikamtia chini ya kidevu changu, hapa shingoni, nikajifunga ushungi juu yetu sote wawili nikakaa. Sikumpigia Karim. Niliona nikisema kwa mdomo litakuwa kweli.

Kabla ya adhuhuri nikahisi kitu kinanikwaruza. Kucha. Kisha mdomo, unatafuta. Alikishika kidole changu cha shahada akakinyonya kwa nguvu za ajabu, na miguu anakanda shingo yangu, kushoto kulia. Nililia, na wala si kidogo.

Tangu hapo hataki boksi. Kulala ni chini ya kidevu, na kabla ya kulala lazima anyonye kidole.

Jumamosi, 3 Mei

Munirah anaandaa siku ya kunitoa eda. Jumatano. Atakuja na wanawake wanne, udi, dilka, na ufunguo wa sanduku langu.

Sanduku hilo ndilo kazi yangu na ndilo jina langu. Hapa Kyebando mpaka Bombo, bibi arusi wa Kinubi ambaye hakusingwa na Rukiah husemwa nyuma. Dilka naitengeneza mwenyewe: unga, sandali, karafuu, miski, vyote vimefukizwa moshi kwa siku nyingi mpaka vinakuwa rangi ya udongo. Nikimsugua mtu kwa hiyo dilka na mafuta yangu ya karafuu, ngozi inanukia wiki nzima. Fadhul alikuwa akisema hahitaji taa, ananifuata kwa pua. Lakini mjane wa eda hajipambi wala hajitii manukato, kwa hiyo siku ya mazishi Munirah alilifunga sanduku akaondoka na ufunguo. Mikono yangu kwa miezi hii haina harufu hata ya kitunguu.

Mke wa mzee Dawudi amekwisha kuniagiza. Binti yao anaolewa mwisho wa mwezi na anataka kusingwa na mimi. Nimesema inshallah. Nimesema kwa hofu, lakini nimesema.

Jumanne, 6 Mei

Eda imekwisha leo. Nilidhani nitafurahi. Nimekaa mlangoni nikigundua kuwa humu ndani nilikuwa najua kila kitu: nguo hizi nyeupe mbili, ukuta ule, geti lile, saa ya maziwa. Nje sikujui tena.

Huyu ameanza kutembea. Anatembea akienda upande, kama mlevi anayetafuta nyumba yake.

Jumatano, 7 Mei

Wamekuja. Nyumba imejaa vigelegele na moshi. Waliniogesha, wakanikalisha juu ya kigoda, udi ukiwaka chini na blanketi limenifunika hadi shingoni, jasho likinitoka na moshi ukiingia mahali pake. Kisha Munirah akakunja mikono ya gauni akaanza kunisugua dilka yeye mwenyewe. Mimi ndiye ninayesinga watu, sijasingwa tangu harusi yangu. Alianza mabegani, akaja mikononi, kidole kimoja kimoja, akamalizia kwa mafuta ya karafuu mpaka kwenye mizizi ya nywele na shingoni.

"Haya," akasema. "Kaka yangu ameshapumzika. Na wewe rudi kwa watu."

Nilinusa mkono wangu mwenyewe nikalia kwa furaha. Nilikuwa nimesahau kuwa mimi nina harufu.

Walipoondoka nikamtoa Huyu chumbani. Aliponusa kidole akageuza uso, akapiga chafya. Nikacheka, nikamwambia, hunijui? Ndiyo mimi hasa huyu, yule mwingine alikuwa mjane. Njaa ikamshinda, akakinyonya. Amelala sasa chini ya kidevu changu, na leo kwa mara ya kwanza sina cha kuandika upande wa hofu.

Alhamisi, 8 Mei

Leo naanzia mwanzo, nisiruke kitu.

Asubuhi niliamka na unyevu shingoni. Mate. Mate mengi, yamelowesha mto. Huyu alikuwa anatetemeka mwili mzima, kichwa kinachezacheza, na nilipomweka chini miguu ya nyuma ilikwenda kila mmoja njia yake. Nikampa maziwa, yakatoka pembeni ya mdomo. Nikamrudisha kifuani haraka nimpashe joto, kama siku ile. Akazidi.

Loice alikuwa amekwisha kwenda Nakivubo. Nikampigia, simu ikawa na kelele za soko zima. "Nenda kwa Komakech! Daktari wa mifugo, pale kwa maduka, nyuma ya kinyozi. Toka sasa hivi, Mama Karim!"

Kutoka. Ruhusa nilikuwa nayo tangu jana, miguu ndiyo haikuwa nayo. Nilisimama getini na mvua inanyesha, mkono kwenye komeo, nikahesabu mambo yote yanayoweza kunipata kati ya hapa na pale, pikipiki, matope, watu wakinitazama. Kaloli alikuwa juu ya paa. Nilimtazama, akanitazama. Kisha Huyu akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu ile ya ndani ya koti, nikafungua.

Nilipanda bodaboda nimemkumbatia ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, nimemfunga na shali yangu iliyofukizwa udi. Njia nzima nikimwambia vumilia, uko kwa mama.

Komakech ni Mwacholi mrefu, Kiswahili chake cha kuokoteza, kliniki yake ni chumba kimoja chenye kalenda ya kuku. Alipokea paka, akamtazama ufizi, akasita. Akainua kichwa akanusa.

"Mama, hii harufu ni ya kwako?"

"Ni yangu," nikasema. Mungu anisamehe, nilijinyoosha kidogo. Nilidhani ananisifu.

"Unapaka nini kwa mkono?"

Nikamtajia. Sandali, miski, karafuu. Aliposikia karafuu akaweka kalamu chini.

"Na yeye nalamba wewe?"

"Ananyonya kidole. Na analala hapa." Nikamwonyesha chini ya kidevu.

"Basi. Usiku yote amelala kwa sumu." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. "Paka hapana kama sisi. Ini yake haiwezi vunja hiyo mafuta. Kwa mtu hii nzuri, kwa paka hii kifo. Na huyu ni mtoto bado. Kwanza toa hiyo shali. Kaa mbali kidogo, tafadhali."

Kaa mbali. Nilikaa pale mlangoni kwenye mvua. Alimwosha paka kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, akamkausha, akamchoma maji ya chumvi na sukari chini ya ngozi. Mimi nikapewa bomba la nje na kipande cha sabuni. Nilisugua mpaka kwenye viwiko, nikarudia, nikanusa, bado ipo. Dilka yangu haitoki, ndiyo sifa yake. Miaka yote nimewaambia maharusi, hii haitoki, hata mkikoga mara saba. Nilisugua mpaka ngozi ikawaka, na kila niliponusa nilijinusa mimi.

"Atapona?"

"Mama, mimi sijui. Akifika kesho kutwa, labda."

Aliniletea paka amefungwa kwenye taulo la kliniki, akanifundisha kumpa maji. Nyumbani nimeoga kwa sabuni ya mche mara nne, nywele nimezifua kama nguo. Nguo zangu zote zimefukizwa jana, hakuna hata moja safi, isipokuwa zile mbili nyeupe za eda zilizokuwa kwenye ndoo ya kufuliwa. Nimezifua, nimeanika moja jikoni juu ya mkaa, nimeivaa ikiwa bado mbichi. Mto nimetupa nje. Huyu yuko kwenye boksi, na mimi niko upande wa pili wa chumba nikimtazama ubavu, kwa sababu namwogopea, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye mwenye sababu ya kuniogopa mimi.

Karim nimempigia nikashindwa kusema. Akasema, "Mama, lia tu, mimi nasikiliza." Lori lilikuwa linanguruma, naye akakaa kwenye simu.

Ijumaa, 9 Mei

Anapumua. Hajala.

Munirah alifika baada ya sala ya Ijumaa amebeba sahani ya sambusa, amependeza, ananukia kuanzia getini. Akanikuta na nguo ya eda. Sahani ilitaka kumponyoka.

"Rukiah!" Hajaniita kwa jina miaka ishirini. "Kurudi eda baada ya kutoka si dini, ni ukaidi! Wanawake wazima wamekuja kukutoa, mimi kwa mikono yangu nimekusugua, na wewe unarudi ndani? Unataka watu waseme ndugu yangu amekufunga kaburini mwake?"

"Usiingie, wifi."

"Nisiingie nyumba ya kaka yangu?"

"Unanukia. Tafadhali, kaa hapo mlangoni."

Nikamweleza nikiwa nimesimama mbali, yeye kizingitini, mimi kando ya boksi. Alianza kunikatiza, halafu akaacha. Nilipofika kwenye mafuta ya karafuu aliitazama mikono yake miwili, akaigeuza.

"Mimi ndiye niliyekupaka shingoni," akasema. "Wewe ulisema yatosha, mimi nikaongeza."

"Hatukujua."

"Sisi tunajua kila kitu cha karafuu," akasema, akaweka sambusa chini akaondoka. Baadaye alituma bodaboda kulichukua sanduku langu likakae kwake.

Jumamosi, 10 Mei

Amefika kesho kutwa ya Komakech. Anapumua. Amelamba maji mara mbili kwenye bomba. Mvua imetulia.

Jumapili, 11 Mei

Amesimama akaanguka. Amesimama.

Jumatatu, 12 Mei

Amekula! Halafu akanitembelea. Alivuka chumba kizima kwa ule mwendo wake wa ulevi, akafika kwenye mguu wangu, akanusa kidole gumba kwa muda mrefu. Sikupumua. Mkono niliuficha nyuma. Mtu aliyeumwa na nyoka hata ung'ongo humshtua, nami sasa nauogopa mkono wangu mwenyewe.

Alipanda mguuni akalala hapo hapo.

Jumamosi, 17 Mei

Mke wa mzee Dawudi alikuja kuhakikisha. Nikamwambia sitaweza, amtafute mtu mwingine. Kumsinga bibi arusi ni kujitia dilka mpaka mabegani, halafu nirudi nyumbani kwa nani? Komakech amesema hata kidogo asiguse, ini lake bado linajitafuta. Mama wa watu aliitazama nguo yangu nyeupe akaondoka na lake moyoni.

Loice anasema mtaa mzima unasema nimekataa kutoka eda. "Wanasema umeolewa na kaburi, ati." Alisema akicheka, lakini alinitazama kama anauliza. Nikamjibu kwa mwoga huenda kicheko. Akasema, "Ndio, lakini hata kicheko chenyewe sijakisikia hapa."

Nimelala na maneno hayo. Najiuliza kama ni paka tu ninayemlinda. Nguo hizi nyeupe nimezizoea. Nikimaliza kuogopa kwa ajili yake, itabidi niende nikasimame mbele za watu.

Jumanne, 20 Mei

Dagaa wa kusaga, mara tatu. Ameniuma kidole.

Kaloli alishuka uani Huyu akiwa mlangoni anaota jua. Sijui ni nani aliyetoka mbio na kumtupia ndara yule ndege mpaka ikampiga kipara, ila ndara ilikuwa yangu. Ameruka, hajarudi.

Ijumaa, 23 Mei

Asubuhi geti liligongwa. Munirah. Nilimtazama mara mbili. Gauni la zamani la shambani, kichwa kimefungwa kitambaa cha jikoni, hana wanja, hana hata mafuta usoni. Hakuingia. Aliketi kwenye ngazi akaagiza ndoo ya maji na sabuni ya vyombo, akakunja mikono akasugua mpaka kwenye viwiko, kila kidole, kila kucha, akinung'unika.

"Siku tatu sijajipaka kitu. Wallahi kwenye bodaboda nimenuka jasho la watu wote wa Mbuya. Nusa."

Nikainusa mikono yake. Haikuwa na kitu.

"Haya. Sanduku lako liko kwa mzee Dawudi tangu jana. Yule mtoto analia, anasema kama si wewe basi asisingwe. Nenda. Nionyeshe tu maziwa yako wapi na huyo anafunguliwa vipi."

"Siku hizi anajifungua mwenyewe."

"Alhamdulillahi, hapo umeniokoa. Nenda, wifi."

"Munirah, naogopa."

"Najua. Nenda unaogopa hivyo hivyo."

Nikaenda. Niliambaa kuta mpaka kwenye mlango wa mzee Dawudi, na wanawake waligeuka nilipoingia na nguo yangu ya kawaida, si ile nyeupe. Bibi arusi alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejikunja, macho mekundu. Niliposhika mkono wake aliung'ang'ania wangu. Nikafungua sanduku. Harufu ile ilinijia usoni nikafikiri nitakimbia, lakini mikono ilikuwa imekwisha kuanza bila kuniuliza, begani, kwenye kiwiko, kidole kimoja kimoja. Mtu akaanzisha vigelegele. Binti akalegea. Jioni walipomtoa nje alinukia mpaka wapita njia wakageuka, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake mbele za watu.

Nilirudi Kyebando jua linazama, nanukia kila pembe. Munirah alikuwa amekaa kizingitini, na mapajani mwake, juu ya gauni la shambani, Huyu amelala chali miguu juu, tumbo kama ngoma.

"Simama hapo hapo! Usivuke!" Akanionyesha ndoo, sabuni na nguo nyeupe kwenye kamba. "Nawa kwanza. Mpaka viwiko. Na nywele. Na kumshika ni mpaka wiki iishe. Sabuni amekula vizuri, sitaki umharibu."

"Sabuni ni nani?"

"Kwani utamwita Huyu mpaka azeeke? Nimempa jina. Nawa!"

Nilisimama nje ya nyumba yangu mwenyewe, kwenye matope, ninasugua mikono kwa amri ya wifi yangu, na yule mtu anayeitwa Sabuni akafumbua jicho moja akanitazama kama afande kwenye gwaride. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Loice akatokeza kichwa juu ya uzio akauliza kuna nini.

Baadaye nikampigia Karim. Aliitika mara moja, nikasikia anaweka lori pembeni.

"Mama? Kuna nini? Paka?"

"Hakuna kitu. Nimekupigia tu."

Akazima injini.

"Hakuna kitu kabisa? Mama, unanitisha."